Vita Vikubwa Mezani: Mwongozo Kamili wa Kuwapiganisha Watu Wanane kwa Siku Moja

Vita vyangu vya kwanza vya watu wanane vilikuwa na kila kitu isipokuwa mwisho. Majeshi ya vijisanamu yalikuwa yamepakwa rangi mpaka kope, meza inavutia, joka limetanua mabawa kama sahani mbili. Tulianza saa tatu asubuhi. Giza linaingia, tulikuwa tumemaliza mizunguko mitatu tu. Mchezaji wa ncha ya kulia alikuja na wapandafarasi 24 aliowapaka rangi kwa miezi minne, na siku nzima hawakugusana na adui. Alifunga sanduku lake kwa adabu, akaaga. Tulipomwalika tena alikuwa na udhuru, na mara ya tatu pia.

Tangu hapo napanga vita nikianzia kwenye saa. Anayeandaa pambano kubwa hapigani na kambi ya pili; anapigana na kungoja. Kila uamuzi nitakaoueleza hapa, kuanzia upana wa meza hadi rangi ya ukingo wa kitako (kibao kidogo ambacho kijisanamu husimama juu yake), unapunguza dakika ambazo mtu mzima anasimama mikono mfukoni akitazama wenzake wakirusha dadu.

Kwa aliye mgeni: katika mchezo huu kila mtu ana jeshi la vijisanamu vya askari, mazimwi, mifupa inayotembea, wachawi na majoka. Analisogeza mezani kwa kupima kwa tepu, na dadu zinaamua nani ameanguka. Watu wawili humaliza pambano kwa saa mbili au tatu. Ukiwaweka wanane kwa kanuni zilezile hupati mchezo uleule uliokuzwa, unapata foleni.

Hesabu muda kabla hujahesabu askari

Tuseme ukumbi unao kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, yaani saa saba. Toa nusu saa ya salamu na maelezo, nusu saa ya chakula, na saa nzima ya yasiyotarajiwa, maana yatakuja. Zimebaki dakika 300. Vita huhitaji mizunguko sita hivi ili vikamilike: miwili ya kukaribiana, miwili ya kuumizana, miwili ya kujua nani anakimbia. Gawa 300 kwa 6, unapata dakika 50 kwa mzunguko, na kila kambi ina dakika 25 za zamu yake.

Mchezaji anayejua kanuni hutumia kama dakika tatu kwa kikosi kimoja: kukisogeza, kupiga mishale, kumaliza mapigano. Kwa hiyo dakika 25 zinatosha vikosi vinane. Hiyo ndiyo idadi ya juu kwa kila mtu, hata kama kabati lake lina vikosi thelathini. Watalalamika. Mtu aliyepaka rangi majitu sita anataka yote sita yaonekane. Waruhusu waweke ya ziada kwenye meza ya pembeni kama akiba. Nitaeleza chini yanavyorudi kazini.

Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: wachezaji wote wa kambi moja wanacheza kwa wakati mmoja. Wanne wanasogeza pamoja, wanne wanajibu pamoja. Kuna mtindo mwingine, mzuri sana kwa watu wawili au watatu, wa kuchota alama kwenye mfuko ili kujua kikosi kipi kitafuata. Msisimko wake siupingi. Lakini watu wanane wenye vikosi vinane kila mmoja ni michoto 64, na kila mchoto ukila dakika mbili, mzunguko mmoja ni zaidi ya saa mbili. Mtindo huo ndio ulioniharibia vita vile vya kwanza.

Chagua kanuni zinazosahaulika kwa urahisi

Namaanisha hivyo hasa. Kanuni nzuri za pambano kubwa ni zile ambazo baada ya mzunguko wa pili hakuna anayefungua kitabu. Tafuta mfumo ambao kikosi kinahesabiwa kama kitu kimoja, hakiondolewi askari mmoja mmoja. Kings of War umejengwa hivyo: kikosi kinabaki na umbo lake kamili huku majeraha yakiandikwa pembeni, mpaka kinapovunjika na kuondolewa chote. Tena anayerusha dadu ni mwenye zamu peke yake, kwa hiyo mpinzani anaweza kwenda kunywa maji bila kusimamisha vita. Hata kama unatumia mfumo mwingine, yaibe mambo hayo mawili.

Kisha kata. Uchawi ndio wa kukatwa kwanza, ingawa ndio tunaoupenda. Mpe kila mchawi miujiza mitatu, achague nyumbani, aiandike kwenye kadi, asiibadilishe. Silaha za ajabu za makamanda: moja kwa kila jeshi. Kanuni za kipekee za kila kikosi zikizidi moja, mwenye jeshi achague ipi inabaki. Kilichosalia kiingie kwenye ukurasa mmoja wa karatasi uliochapwa kwa herufi kubwa, nakala moja mbele ya kila mtu. Kisipoenea ukurasa mmoja, hujamaliza kukata.

Tafuta mwamuzi, na asiwe na jeshi

Penye watu wanane lazima awepo wa tisa asiyecheza. Wazo si geni. Maofisa wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, katika mchezo wa vita wa Reisswitz ulioanza kutumika jeshini mwao mwaka 1824, walikuwa na mwamuzi aliyepokea amri za pande zote na kuamua matokeo kwa dadu na majedwali. Mwaka 1876 Verdy du Vernois, ofisa wa jeshi hilohilo, akashauri majedwali yapunguzwe, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake, kwa sababu kanuni zilikuwa zimenenepa mpaka mchezo hauendi. Ugonjwa ni uleule hadi leo.

Mwamuzi wako ana kazi tatu: kushika saa, kumaliza ubishi, na kutembea. Ubishi uwe na ukomo wa dakika moja. Ukipita, anarusha dadu moja: 1 hadi 3 anashinda huyu, 4 hadi 6 yule, na kitabu kitasomwa wakati wa chakula. Aliyeshindwa kwa dadu ile mara nyingi hugundua mchana kwamba alikuwa na haki, nami bado nasema ilikuwa sawa.

Kutembea ndiko kunakosahaulika. Mwamuzi akikaa kitini hataona kwamba ncha ya kushoto imemaliza zamu tangu dakika kumi zilizopita na katikati wawili wangali wanapima masafa ya upinde.

Meza: ipime kwa mkono wako

Upana usizidi sentimita 120 hivi. Sababu ni mwili wa binadamu: ukisimama kando unafika katikati bila kuinama juu ya mikuki ya mwenzako. Meza ya sentimita 200 inaonekana ya kifahari kwenye picha, lakini kuna siku mtu ataegemea, kiwiko kitashuka, na bendera iliyochorwa kwa brashi ya nywele tatu itavunjika.

Urefu unategemea watu. Mbao mbili za kawaida za mchezo huu, kila moja sentimita 183 kwa 122, zikiungwa kwa urefu zinatoa sentimita 366. Wanne kila upande wanapata takriban sentimita 90 kila mmoja, zinazotosha vikosi vinane vya vijisanamu vya kimo cha milimita 28 hivi vikipangwa safu mbili. Acha nafasi ya mita moja kuzunguka meza yote. Weka meza ya pili ndogo kwa vinywaji, vitabu, masanduku na waliokufa. Kikombe kisikanyage uwanja wa vita, na hapo sina mjadala.

Sasa sikiliza tatizo ambalo wengi hawalioni mpaka jioni. Askari wa miguu husogea kama sentimita 15 kwa mzunguko. Kambi zikipangwa sentimita 30 kutoka kingoni, kati yao kuna sentimita 62. Zikiendeana zitagongana mzunguko wa pili au wa tatu. Vizuri. Lakini kikosi kinachotaka kwenda kusaidia ncha ya pili ya meza kina safari ya mizunguko 24. Maana yake hukuandaa vita vya watu wanane. Umeandaa mapambano manne ya watu wawili wawili, yaliyopangwa kwenye mbao moja kama abiria wasiojuana.

Dawa ninazozitumia ni hizi. Kwanza, vitu vya kugombaniwa, kama daraja, mnara au kaburi la mfalme, viweke kwenye mipaka ya wachezaji, kamwe si mbele ya mtu mmoja. Mnara ukisimama kati yako na jirani yako, mtazungumza mtake msitake. Pili, barabara ndefu inayokwenda sambamba na urefu wa meza, nyuma ya kila kambi: kikosi kilicho juu yake, kikiwa mbali na adui kwa sentimita 30 au zaidi, kinatembea mara tatu ya kawaida. Tatu, kila kambi iwe na kiumbe mmoja mkubwa anayeruka asiye wa mchezaji yeyote bali wa jemadari mkuu wa kambi, ambaye kila zamu anaamua ampe nani. Joka linapopita juu ya vichwa vya majirani watatu kwenda kumwokoa wa nne, meza nzima inainua macho. Nne ni ile akiba, nayo nitaifikia.

Vipande vya mandhari viwe vichache na vikubwa: vilima viwili, msitu, magofu. Kila kipande cha ziada ni ubishi wa kikosi kipi kinamwona adui na kipi hakimwoni.

Rangi: hukumu iko umbali wa mkono

Jeshi la vikosi vinane ni kama vijisanamu 120. Ukiwa na wiki kumi, ni 12 kwa wiki, na hilo linawezekana kwa mtu mwenye kazi na familia ikiwa hatapaka kimoja kimoja. Wapange 12 wote kwenye vipande vya mbao. Waoshe kwa maji ya sabuni wakauke, kwani mafuta ya kiwandani hukataa rangi. Gundisha, kisha pulizia praima (rangi ya msingi) nyembamba siku ya ukavu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi praima hutoka na chembechembe kama mchanga. Halafu paka rangi moja kwa wote kabla ya kugusa ya pili: nguo zote, ngozi zote, vyuma vyote. Rangi iongezwe maji kidogo na ipakwe mara mbili nyembamba badala ya mara moja nzito, la sivyo uso wa zimwi utageuka uji.

Baada ya hapo mwagia rangi ya majimaji ya kahawia iliyoiva au nyeusi, itiririke kwenye mikunjo na kutengeneza vivuli yenyewe. Ikikauka, chukua brashi kavu yenye rangi nyepesi kidogo tu, ipitishe juujuu kwenye kingo. Malizia na vanishi isiyong'aa.

Nguvu ziende wapi? Kwenye vichwa, ncha za mikuki na bendera, maana mezani jeshi linatazamwa kutoka juu, umbali wa mkono ulionyooshwa. Vifundo vya mshipi havionekani. Nimewahi kupoteza jioni nzima kwenye vifungo vya viatu vya wapiga mishale, na mpaka leo hakuna aliyeviona, wala mimi sivioni. Kamanda na mbeba bendera wa kila kikosi, hao wape muda.

Ukingo wa kitako ndio siri ya pambano la watu wengi. Kila mchezaji apewe rangi yake ya ukingo, na kambi nzima iwe na jamii moja ya rangi: hawa nyekundu, machungwa, kahawia, njano, wale buluu, kijani, zambarau, nyeupe. Vikosi vikichanganyikana kwenye magofu utajua kwa jicho moja yupi wa nani. Chini ya kitako andika herufi ya jina lako. Bandika sumaku ndogo, na trei ya kusogezea iwe na bati, ili askari 20 wasogee kwa mkono mmoja. Trei peke yake hunipunguzia robo ya muda wa zamu.

Je, aliyekuja na askari wa plastiki tupu? Simfukuzi mtu, ila kijisanamu kisichopakwa hakipandi mezani. Tunamwazima jeshi. Wiki kumi kabla mwambie kila mmoja waziwazi, wiki ya tano omba picha, na andaa vikosi vinane vya kuazimisha kwa sababu picha nyingine hazitakuja.

Waandikie makamanda barua

Kila kambi ichague jemadari mkuu mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja, na kamati ya watu wanne ikijadili mrengo wa kushoto inakula dakika zako zote. Jemadari mkuu naye ana jeshi lake, ila ndiye anayeamua akiba na kiumbe kile kirukacho.

Siku tatu kabla, mwamuzi amtumie kila mchezaji ujumbe mfupi wenye lengo lake binafsi: teka daraja, muue mchawi fulani, fikisha kikosi kimoja ukingo wa pili, kamanda wako asife. Malengo haya yanatoa pointi juu ya zile za kambi, na faida yake inaonekana mzunguko wa tano, mtu ambaye jeshi lake limepondwa anapogundua bado anaweza kushinda kitu. Malengo ya usaliti nimeyajaribu mara moja. Yalichekesha kwa mzunguko mmoja, kisha watu wawili wakasafiri njia moja kurudi nyumbani bila kusemezana. Siyashauri.

Ukitaka ladha zaidi, piga marufuku wachezaji wa ncha za mbali kuongea. Waandikiane vikaratasi, mwamuzi anavibeba na kuvifikisha mzunguko unaofuata. Kikaratasi cha "nisaidie" kikifika baada ya aliyekiandika kukimbia uwanja, hata maadui wanasikitika.

Siku yenyewe

Meza ipangwe usiku uliotangulia. Asubuhi kila jemadari mkuu anamkabidhi mwamuzi mchoro wa mpangilio wa vikosi, kisha kambi zote zinapanga kwa pamoja, dakika 20, kufuata mchoro. Kupanga kwa zamu, kikosi kimoja kwa kimoja, ni saa nzima iliyopotea kabla ya mshale wa kwanza.

Weka saa kubwa mahali inapoonekana na wote. Mwamuzi anatangaza: "Kambi nyekundu, dakika 25." Zikibaki tano anatangaza tena. Zikiisha, kikosi ambacho hakijasogezwa kinasimama kilipo na kinapigana tu kama kimegusana na adui. Mara ya kwanza kanuni hii itamuumiza mtu, na ni lazima uitekeleze mara hiyo ya kwanza, kwa upole lakini bila kusamehe. Kuanzia mzunguko wa pili utaona watu wakipanga hatua zao wakati wa zamu ya wapinzani.

Dadu zirushwe ndani ya trei yenye kingo. Iliyoruka nje inarushwa upya. Kila mtu awe na dadu zake 20 za rangi moja. Ukihitaji kurusha 40, rusha 20 mara mbili. Na ukishazoea, kadiria kabla ya kurusha: dadu 20 zinazohitaji 4 au zaidi zitakupa kama 10, zinazohitaji 3 au zaidi kama 13. Kikosi ambacho hata kwa wastani huo hakiwezi kuvunja ukuta wa ngao, usikipeleke halafu uwalaumu mababu.

Majeraha yawekewe dadu ndogo ya rangi tofauti nyuma ya kikosi, isije ikaokotwa na kurushwa. Hilo hutokea angalau mara moja kila pambano.

Sasa ile akiba. Mchezaji aliyepoteza vikosi vitatu anarudisha kimoja kila mzunguko, ama kutoka meza ya pembeni ama kile kilichokufa kikiitwa jina jipya. Anarusha dadu: 1 hadi 4 kinaingia nyuma ya eneo lake, 5 au 6 jemadari mkuu anachagua popote kwenye ukingo wa kambi. Ndivyo mrengo uliokuwa umezikwa unavyofufuka, na ndivyo mtu aliyevunjwa saa sita mchana anavyobaki na kazi hadi jioni. Kifo cha mapema kinauma zaidi mezani kuliko popote, kwa kuwa marehemu hana usafiri wa kurudi nyumbani mpaka rafiki yake amalize.

Chakula kiliwe kati ya mzunguko wa tatu na wa nne, mbali na meza. Wakati huo mwamuzi asome ile kanuni iliyobishaniwa, na apige picha, maana mizunguko ya kwanza ina majeshi kamili na ya mwisho ina magofu.

Kufunga

Tangaza mwisho kwa saa, usitangaze kwa idadi ya mizunguko: "Mzunguko utakaokuwa unaendelea saa tisa na nusu ndio wa mwisho." Hapo watu hukimbilia daraja kwa ujinga mtupu, na hizo ndizo dakika bora za siku. Hesabu pointi za kambi kwa sauti, halafu kila mmoja afungue ujumbe wake wa siri na kuusoma.

Kabla mtu hajagusa sanduku, kila mchezaji akae mahali pake na aondoe vijisanamu vyake tu, akitazama rangi ya ukingo na herufi iliyo chini. Kisha mwamuzi apitishe mkono chini ya vilima, ndani ya magofu na kwenye zulia. Huwa kuna mpiga mishale mmoja pale chini ya mguu wa meza.